Namna ya kutunza moyo unapopunguza mwili: mwongozo kwa wenzangu wa Kigoma

Hapa mjini ukitaja tu kwamba unataka kupunguza mwili, utapewa orodha ya vyakula kabla hujamaliza sentensi. Acha wali, acha mawese, kunywa maji ya moto na limau asubuhi. Hakuna atakayekuambia kwamba wiki ya tatu utamfokea mtoto bila kosa, kwamba mwezi wa pili utatoka duka la dawa machozi yakikulenga kwa sababu mizani haijasogea, au kwamba shangazi yako wa Ujiji ataanza kukuombea dua akiamini unaumwa. Wengi ninaowaona wakiachia njiani hawashindwi na chakula, maana chakula wanakijua. Wanashindwa na hisia zilizowakuta hawajajiandaa, wakadhani ni udhaifu wao peke yao.

Kwa hiyo hapa sitaeleza ule nini. Nitaeleza moyo wako utakufanyia nini, kwa nini, na ufanye nini siku hiyo.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kuanza, na uweke lengo dogo

Nenda zahanati au kituo cha afya upimwe uzito, urefu, mzunguko wa kiuno, presha na sukari. Andika yote. Kisha gawa kilo zako kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa kilo 82 mwenye urefu wa mita 1.60 anapata 32. Shirika la Afya Duniani linahesabu 25 kwenda juu kuwa uzito uliozidi, na 30 kwenda juu kuwa unene wa kupindukia.

Sasa usikimbilie kusema nataka kilo 60 kama nilivyokuwa kabla ya kuolewa. Lengo kubwa namna hiyo ndilo linalozaa huzuni, kwa sababu kila siku utaamka ukiwa mbali nalo. Anza na asilimia tano ya uzito wako. Kwa huyu wa kilo 82 ni kama kilo nne tu, na kilo nne hizo tayari zinaanza kuisaidia presha na sukari. Marekani kulifanyika utafiti mkubwa, matokeo yake yakatoka mwaka 2002, kwa watu waliokuwa karibu kupata kisukari. Walilenga kupunguza asilimia saba ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, na uwezekano wao wa kupata kisukari ukashuka kwa asilimia 58. Asilimia saba ya kilo 82 haifiki kilo sita. Shika hilo kichwani siku utakapojiona hujafanya kitu.

Mjamzito asipunguze mwili. Anayenyonyesha azungumze kwanza na mhudumu wa afya. Na anayetumia insulini au vidonge vya kisukari ana jambo moja zaidi la kujua: hasira ya ghafla, kutetemeka, jasho jembamba na moyo kwenda mbio huenda visiwe hisia hata kidogo, ni sukari imeshuka. Koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, usubiri dakika 15, upime tena kama una kipimo. Halafu mwone daktari, kwa sababu mwili ukipungua mara nyingi dozi nayo inahitaji kupunguzwa. Usijipunguzie mwenyewe.

Hatua ya 2: Andaa majibu ya watu kabla hawajauliza

Hii ndiyo ngumu kuliko zote hapa kwetu, na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi.

Kigoma mtu akinenepa anaambiwa mji umemkubali. Akipungua, anaulizwa kuna nini. Mwanamke ataambiwa ndoa inamkausha, au mume kaongeza mke. Mwanaume aliyepoteza kitambi ataambiwa biashara imekufa. Na wapo watakaonyamaza kabisa, wakutazame tu mifupa ya shingo, na huo ukimya unauma kuliko maneno.

Usiwachukie. Hofu yao ina historia. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi kabla dawa za ARV hazijaanza kutolewa bure, watu wa rika la mama zetu waliwaona ndugu zao wakikonda mwezi hadi mwezi hadi wakawazika. Kifua kikuu nacho kinakondesha. Mkoa wetu pia umepokea watu waliovuka kutoka Burundi na Kongo wakiwa wameishiwa kabisa. Kambi ya Nyarugusu kule Kasulu ipo tangu 1996. Mtu aliyeyaona hayo hawezi kuona shavu limeingia ndani akafurahi. Anaogopa kukupoteza, na hajui namna nyingine ya kulisema.

Basi fanya hivi. Mwanzoni kabisa, kabla kilo hazijaanza kutoka, chagua watu watatu au wanne uwaeleze: mama au mama mkwe, mwenzi wako, na mtu mmoja mwenye sauti mtaani, yule ambaye akisema jambo kwenye kikoba watu wanaliamini. Waambie sababu ya kweli. Hao ndio watakaokujibia usipokuwepo.

Kwa wengine wote uwe na jibu moja fupi, la heshima, lisiloacha mlango wa swali jingine. Umekutana na shangazi soko la Mwanga, umeshika fungu la matembele:

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. He, mbona umeisha hivi? Umepima?"

"Nimepima shangazi, nipo salama. Sukari ilikuwa inapanda, wakanishauri nipunguze mwili. Nakula vizuri, ndiyo haya mboga nanunua."

"Ule mwanangu, ule."

"Nakula shangazi. Jioni nitapita nikusalimie."

Angalia kilichofanyika hapo. Hukujitetea na hukukasirika. Umetaja kipimo, na neno hilo linashusha hofu ya wakubwa kuliko maelezo marefu kuhusu afya. Kisha umeahidi kupita nyumbani, naye akikuona umekaa unakunywa chai na kucheka, atatulia. Kama sababu yako si sukari wala presha, usitunge ugonjwa. Sema magoti yalikuwa yanauma, au nilikuwa nahema nikipanda kilima. Ukisema uongo, utalazimika kuukumbuka.

Mwenzi wako ni suala lake. Mume anaweza kuuliza, "Unampunguzia nani?" na mke naye anaweza kuuliza hivyohivyo. Nyuma ya swali hilo kuna hofu ya kuachwa, na hofu haitoki kwa kubishana. Mwombe mtembee wote jioni. Akikataa, mwambie unatembea na nani, unapita wapi, na unarudi saa ngapi. Fanya hivyo wiki chache mfululizo na swali lenyewe litapungua nguvu.

Hatua ya 3: Itambue hasira ya njaa

Kati ya mwaka 1944 na 1945, Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani kiliwachukua wanaume 36 waliojitolea, wenye afya ya mwili na akili, wakapunguziwa chakula kwa wiki 24. Walikuwa bado wanakula, ila karibu nusu ya walichozoea. Wakawa wakali na wazito wa moyo, wakajitenga na wenzao, wakawa wanaota chakula usiku na kusoma vitabu vya mapishi mchana. Hawakuwa watu wenye tabia mbaya. Mwili uliobanwa sana huifanya akili isifikirie kingine ila chakula.

Kwa hiyo ukijikuta unagombana na kila mtu saa kumi jioni, jiulize kwanza ulikula nini mchana. Kama ni chai kavu na kipande cha papai, tatizo si roho yako. Punguza polepole, nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, isizidi hapo. Usiruke mlo wa mchana. Katika kila mlo weka kitu cha kushibisha kwa muda mrefu: maharage, mgebuka wa kuchoma au wa kuchemsha, au dagaa wakavu, ambao zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Tunaishi kando ya ziwa lenye dagaa wanaotafutwa nchi nzima, na inanisikitisha kuona mtu wa Kibirizi ananunua unga wa kupunguzia mwili kutoka mji mwingine huku dagaa wameanikwa mbele ya mlango wake.

Mawese usiyaache kabisa kama unayapenda. Kijiko kimoja cha chakula kina kama kalori 120, kwa hiyo kipimo ndicho cha kubadilisha: mimina kwa kijiko, si kwa kuinamisha chupa. Mboga isiyo na harufu ya mawese kwa mtu aliyekulia Ujiji ni huzuni inayojirudia kila jioni, na huzuni ya namna hiyo ndiyo inayomrudisha mtu alikotoka.

Lala pia. Usingizi mfupi unaongeza homoni ya njaa na kupunguza ile ya kushiba, na mtu aliyelala kwa muda wa saa nne tu usiku mzima anaamka na kiu ya vitu vitamu.

Hatua ya 4: Jifunze kuisoma mizani isikusome wewe

Uzito wa mtu unapanda na kushuka kwa kilo moja hadi mbili ndani ya siku chache bila mafuta ya mwili kuongezeka hata kidogo. Ukila dagaa wa chumvi jana, leo mwili umeshika maji. Mwanamke akikaribia hedhi, anashika maji. Wanga unaohifadhiwa mwilini nao unakaa na maji, gramu moja ya wanga na gramu kama tatu za maji, ndiyo maana wiki ya kwanza watu wanapoteza kilo nyingi wakashangilia, kisha kasi inaanguka wakakata tamaa. Vyote viwili, shangwe na kukata tamaa, vilikuwa vya maji.

Wavuvi wa dagaa wanalijua jambo hili kwa upande wao. Usiku wa mbalamwezi taa zao hazivuti samaki, wanarudi na kidogo au hawatoki kabisa, lakini hakuna anayeuza mtumbwi kwa sababu ya usiku huo. Wanahesabu mwezi mzima. Wewe nawe hesabu mwezi.

Pima mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi, kabla ya kula, na nguo nyepesi. Kama huna mizani nyumbani, tumia ileile ya duka la dawa ulilozoea, kwa sababu mizani mbili tofauti zitakupa namba mbili na maumivu ya bure. Nunua kijidaftari. Kwenye mstari mmoja andika tarehe, kilo, kama uko karibu na hedhi, ulilala vipi, na moyo wako ulikuwaje wiki hiyo kwa neno moja: mzito, mwepesi, hasira, kawaida. Kila baada ya wiki nne linganisha wiki ya kwanza na ya tano, si leo na jana. Kwa wanawake hili ni la lazima, kwa sababu wiki mbili zilizo sehemu tofauti za mzunguko hazilinganishwi.

Na kama mizani inakuharibia siku nzima hata baada ya kuelewa yote haya, iache. Tumia utepe wa fundi cherehani kiunoni mara moja kwa mwezi, na kipimo cha mwili wenyewe: panda Barabara ya Lumumba kutoka stesheni kuelekea Mwanga, uone unapumzika mara ngapi. Mwezi ujao panda tena.

Hatua ya 5: Tenganisha njaa na uchungu

Njaa ya tumbo inakuja taratibu na inakubali chochote, hata muhogo wa kuchemsha. Uchungu unakuja ghafla na unataka kitu kimoja tu: chipsi, soda baridi, maandazi ya moto. Ukikila, uchungu hautosheki.

Kwa wengi wetu chakula kimekuwa ndiyo faraja pekee isiyohitaji kuelezwa. Umegombana na wifi, mkopo wa kikoba umefika, mtoto kafeli, na sahani ya wali haiulizi maswali. Unapoiondoa sahani hiyo, uchungu uliokuwa umefunikwa nayo unabaki wazi. Ndiyo maana wapo wanaoanza kupunguza mwili wakajikuta wanalilia msiba wa miaka mitano iliyopita. Hujaharibikiwa. Uchungu huo ulikuwepo.

Unapohisi mkono unakwenda kwenye chungu na tumbo halina njaa, fanya mambo kwa mpangilio huu. Kunywa maji. Toka nje ya nyumba, hata kama ni kwenda hadi kwa jirani na kurudi. Mpigie mtu mmoja, na umwambie kilichotokea leo, usizungumzie chakula. Andika neno moja kwenye kijidaftari. Baada ya robo saa, kama bado unataka kula, kula ukiwa umekaa, kwenye sahani, taratibu, na ufurahie. Kula kwa kujificha jikoni umesimama ndiko kunakoleta aibu, na aibu ndiyo inayoleta sahani ya pili.

Kama uchungu ni uleule kila siku, yaani ni ndoa, ni deni, ni kifo, basi kupunguza mwili hakutauponya. Unahitaji kushughulikiwa wenyewe, na mtu wa kukaa nawe: mzee wa familia, shehe au mchungaji mwenye kusikiliza, au mshauri wa hospitali.

Hatua ya 6: Harusi, Idd, misiba

Kula. Pakua mara moja, kaa mbali na sufuria, sema alhamdulillahi nimeshiba. Kesho yake rudi kwenye chakula chako cha kawaida bila kujifungisha adhabu. Kukataa ubwabwa wa msibani kunaleta maneno mengi kuliko kilo.

Hatua ya 7: Mizani ikigoma, au kilo zikirudi

Itatokea. Mwili uliopungua unahitaji nguvu kidogo kuliko mwanzo, halafu unaleta njaa zaidi. Mwaka 1994 wanasayansi waligundua leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili na kuuambia ubongo kwamba akiba ipo. Mafuta yakipungua, leptini inashuka, na ubongo unasikia kama njaa imeingia nchini. Utafiti uliotoka Australia mwaka 2011 ulionyesha kwamba hata mwaka mmoja baada ya watu kupungua, homoni zao za njaa zilikuwa hazijarudi zilivyokuwa. Kwa hiyo mtu anayekuambia kilo zimekurudia kwa sababu huna msimamo, hajui anachosema.

Mizani ikisimama wiki nne au zaidi, usipunguze chakula tena haraka. Angalia kwanza vilivyorudi kimyakimya: sukari kwenye chai, kuonja wakati wa kupika, mafuta yasiyopimwa. Ongeza kutembea kidogo. Kisha, kama umechoka moyo, jipe mwezi wa kukaa palepale kwa makusudi. Kutunza uzito bila kupanda ni kazi kamili, na inastahili pongezi ileile.

Hiki ndicho kipindi ambacho majani ya chai na vidonge vya kupunguza tumbo vinauzika. Nyingi ya chai hizo zina sena, inayoharisha tu. Kinachotoka ni maji. Baadhi ya vidonge vinavyouzwa kama vya asili vimewahi kukutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari kwa moyo. Dawa ambayo haijasajiliwa na TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, usiimeze, hata kama anayeuza ni binamu yako.

Hatua ya 8: Karibisha mwili mpya

Usisubiri kufika kilo fulani ndipo uvae vizuri. Kitenge chako kipeleke kwa fundi sasa, mwambie abane pembeni na aache kitambaa cha kutosha ndani ya mshono. Mtu anayezunguka miezi sita na gauni linalomning'inia anaonekana mgonjwa mbele ya watu na mbele ya kioo.

Akili inachelewa kuuona mwili. Utaendelea kupita mlango kwa ubavu na kuchagua kiti cha nyuma kwenye daladala, ukijiona uleule. Picha moja kila mwezi, ukiwa umevaa nguo ileile, inasaidia. Ngozi inaweza kulegea tumboni na mikononi, na nywele zinaweza kukatika miezi miwili au mitatu baada ya kupungua kwa kasi. Nywele kwa kawaida huota tena. Ongeza protini na upunguze kasi. Ngozi hairudi yote, na ni haki yako kusikitika kwa hilo huku ukifurahia presha iliyoshuka.

Kisha kuna sifa. "Sasa ndiyo umekuwa mtu!" Utacheka, halafu usiku utajiuliza kumbe zamani nilikuwa nani. Hasira hiyo ni halali kabisa. Mjibu tu, "Ahsante, na zamani nilikuwa mimi huyuhuyu." Na wewe usimsifie mwenzako kwa kukonda kabla hujajua sababu, maana huenda hakutaka.

Hatua ya 9: Wakati wa kwenda hospitali

Nenda upimwe kama kilo zinatoka zaidi ya ulivyopanga au zinaendelea kutoka hata ukiwa unakula kawaida, au una kikohozi cha wiki mbili na zaidi, homa za jioni, jasho la usiku, kiu na kukojoa mara kwa mara.

Nenda pia kwa ajili ya moyo: huzuni au kutopenda chochote karibu kila siku kwa wiki mbili, kujitapisha baada ya kula, kumeza dawa za kuharisha ili upungue, kula kwa wingi bila kuweza kujizuia kisha kujifungisha siku nzima, hedhi kukata, au kuogopa chakula kiasi cha kukwepa watu. Mawazo ya kutotaka kuishi hayasubiri kesho. Mwambie mtu aliye karibu sasa hivi, na muende wote.

Anzia kituo cha afya kilicho jirani, na ikihitajika watakuandikia rufaa Hospitali ya Mkoa ya Maweni. Beba kijidaftari. Daktari akiona wiki kumi za kilo, usingizi na hali ya moyo kwenye ukurasa mmoja, atakuelewa haraka, hata siku ambayo wewe mwenyewe umeshindwa kuanza kueleza.